Ndege Karani wa Ngorongoro: Anakanyaga Nyoka, Anabeba Jina la Mwandishi



Kabla hujaendelea, fungua Biblia usome Lk 10:17-20. Ni aya nne tu.

Tayari? Basi twende Ngorongoro.

Ukipita Karatu, ukapanda hadi lango la hifadhi, kisha ukateremka ndani ya kreta, unaweza kumwona ndege mrefu, zaidi ya mita moja, anatembea taratibu kwenye majani. Mwili wake ni wa kijivu kama amevaa koti. Mapajani ana manyoya meusi kama kaptula. Kisogoni kuna manyoya marefu meusi yaliyochomoza. Kuruka anaweza, ila kutafuta chakula chake ni kwa miguu, kutwa nzima. Huyu ndiye ndege karani. Wengine humwita ndege katibu.

Sasa ndege na ofisi, wapi na wapi?

Jina lilitoka wapi?

Maelezo yapo zaidi ya moja. La kwanza, ambalo wengi hulipenda, ni la kalamu. Zamani makarani wa Ulaya waliandika kwa kalamu za manyoya ya bata bukini, na kalamu isipotumika waliichomeka nyuma ya sikio. Mtazame ndege wetu kisogoni, utaelewa.

La pili ni la Kiarabu. Wapo wanaosema jina lilianza kama *saqr at-tair*, yaani ndege mwindaji, Wafaransa wakasikia "secrétaire", yaani katibu.

La tatu linatoka Afrika Kusini. Mwaka 1769 Mholanzi Arnout Vosmaer aliandika habari za ndege huyu aliyeletwa kutoka Rasi ya Tumaini Jema. Alisema kule aliitwa "sagittarius", mpiga mishale, kwa mwendo wake, na wakulima wakaligeuza jina hilo kuwa "secretarius". Mpaka leo jina lake la kisayansi ni *Sagittarius serpentarius*. Hilo neno la pili linahusu nyoka.

Wataalamu bado wanabishana. Lakini hata maneno yetu yana safari. "Katibu" ni la Kiarabu, ndugu wa "kitabu" na "katiba", maana yake mwandishi. "Karani" lilitufikia kutoka upande wa Bara Hindi. Yote mawili yanamtaja mtu wa kalamu, anayeandika majina na maneno ya wengine.

Mguu wake

Ndege karani hula panzi, panya, mijusi, na nyoka pia. Akimwona nyoka hamrukii kwa mdomo kwanza. Anampiga teke kichwani, tena na tena. Watafiti Uingereza walipima teke hilo wakakuta nguvu yake inafikia takriban mara tano ya uzito wa ndege mwenyewe. Nyoka hapati nafasi ya kujibu.

Kwa hiyo tuna kiumbe mmoja mwenye mambo mawili: mguu unaokanyaga nyoka, na jina la mwandishi. Sasa rudi kwenye Lk 10.

Yesu aliyaweka pamoja

Wale sabini na wawili wanarudi kutoka utume wakiwa na furaha. Hata pepo wamewatii! Yesu hawakatalii. Anawaambia kweli amewapa mamlaka ya kukanyaga nyoka na nge. Halafu anawageuza: msifurahie hilo, furahini kwa sababu majina yenu yameandikwa mbinguni.

Umeona? Mguu upo, lakini furaha iko kwenye jina.

Vijana, hapa panatuhusu sana. Fungua simu yako leo uone mafundisho yanayovuma: nguvu, kumkanyaga adui, kufungua milango. Si kwamba ni uongo, maana Bwana mwenyewe ametoa mamlaka hayo. Hata sanamu ya Mama Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili inamwonyesha amemkanyaga nyoka. Lakini Maria hakujisifu kwa mguu wake. Alijiita mtumishi wa Bwana. Ukijenga imani yako juu ya teke tu, siku utakayoomba mgonjwa asipone, au ukafeli mtihani baada ya novena, utasema Mungu amekuacha. Kumbe jina lako bado limeandikwa palepale.

Makarani wa Biblia

Baruku aliandika maneno ya nabii Yeremia. Mfalme Yehoyakimu akakikata kitabu vipande vipande, akakichoma moto. Baruku akaandika upya, na mengine yakaongezwa (Yer 36). Alipolalamika, Mungu alimwambia asijitafutie makuu (Yer 45). Naye Tertio aliandika waraka kwa Warumi, Paulo akitamka. Jina lake linaonekana mara moja tu, katika salamu (Rum 16:22). Bila mkono wake, tungeusoma vipi?

Basi tuje kwetu. Kwenye jumuiya ndogo ndogo, uchaguzi ukifika, kila mtu anaukimbia ukatibu. Kuandika mahudhurio, michango, majina ya wagonjwa wa kutembelewa: nani atakupigia makofi? Lakini ukiandika jina la bibi mgonjwa asisahaulike, unafanya kwa mkono wako kile Mungu anachofanya kwa watoto wake.

Na wewe pia uliandikwa. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inaagiza kila parokia itunze daftari la ubatizo. Ulipobatizwa mtoto mchanga, hukuwa umemkanyaga nyoka yeyote. Jina lako liliandikwa tu, bure. Daftari lile si kitabu cha mbinguni, lakini linatukumbusha kwamba hatujiandiki wenyewe.

Maswali ya kutafakari

1. Furaha yangu ya imani imekaa wapi: kwenye nguvu, au kwenye kuwa mtoto wa Mungu?
2. Ni huduma gani isiyo na makofi ambayo nimekuwa nikiikwepa?
3. Jina la nani nitaliandika wiki hii ili nimwombee au nimtembelee?

Tusali

Ee Bwana Yesu, tupe miguu imara ya kukataa uovu, na mikono minyenyekevu ya kuwahudumia wenzetu. Tusijivunie ushindi wetu, bali tufurahi kwamba unatujua kwa majina. Mama Maria, utuombee. Amina.

Uwe na wiki njema, kijana. Na uchaguzi wa jumuiya ukifika, usikimbie!