WALIOFUNGWA KAMBA MOJA

Somo kwa vyama vya vijana na kwa watu wa nyumbani. Soma kwanza: 1 Samweli 14:1–14, Mhubiri 4:9–12.

Wahenga walisema: Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Neno hili twalijua sote, nasi hulikumbuka dhiki ikiisha kuja: nyumba imeungua, mtoto ameugua, mvua zimekosa. Hapo ndipo tumtambuapo rafiki. Lakini katika somo hili twataka kuuliza swali jingine. Je, yatupasa kungoja mpaka dhiki ije yenyewe? Au watu waweza kuchagua jambo gumu kwa hiari yao, wakalifanya pamoja, na kwa njia hiyo wakafungamana kuliko kwanza?

Twauliza kwa sababu twaona jambo la kuhuzunisha. Wako mume na mke waliokaa nyumba moja miaka 20, na maneno yao sasa ni ya unga na ya ada ya shule tu. Wako vijana walioimba katika kwaya moja tangu utoto, wala hapana amjuaye mwenzake moyoni. Hawakugombana, ila hawajapata kuhitajiana. Upendo wao haukuuawa na ugomvi. Umepungua kama moto usiochochewa.

1. Yonathani na mchukua silaha wake

Sauli alikuwa amekaa chini ya mkomamanga, na watu wapata 600 pamoja naye. Yonathani akaondoka na kijana mmoja tu. Hakumwamuru kwa ukali. Alimweleza shauri lake, naye kijana akajibu ya kuwa yu pamoja naye kwa lolote lililo moyoni mwake. Kisha Yonathani akamwambia ishara: adui wakisema neno hili, tutasimama, wakisema neno lile, tutapanda. Ndipo wakalipanda jabali kwa mikono na miguu, Yonathani mbele, kijana nyuma yake.

Tuangalie mambo matatu. Shauri lilisemwa wazi. Mwenzake alikubali kwa moyo wake mwenyewe. Tena kabla ya kuanza wote wawili walijua ishara ya kuendelea na ishara ya kusimama. Tuyashike haya matatu, maana yatatufaa katika mlima mwingine ulio karibu nasi.

2. Kamba ya Kibo

Kilele cha Kibo katika mlima Kilimanjaro kina urefu wa meta 5,895 juu ya bahari. Mwaka 1887 Mjerumani mmoja, Hans Meyer, alijaribu kukipanda. Mwenzake alichoka akabaki nyuma. Meyer akaendelea peke yake mpaka ukuta wa barafu ukamzuia, akarudi. Mwaka 1888 alikuja tena, lakini vita vya Abushiri vilikuwa vimeanza. Yeye na mwenzake Oscar Baumann wakakamatwa, wakatolewa kwa fidia. Mwaka 1889 akaja mara ya tatu pamoja na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa Salzburg, mtu aliyeizoea milima ya barafu.

Tarehe 3 Oktoba 1889 wawili hao walijifunga kamba moja, ili mmoja akiteleza mwingine amzuie. Barafu ilikuwa ngumu na ya mteremko mkali. Iliwabidi kuikata kwa shoka, hatua kwa hatua, wapate mahali pa kukanyaga. Baada ya kazi ya saa nyingi wakafika ukingoni mwa shimo kubwa la Kibo. Hapo wakaona kwamba kilele chenyewe kiko mbele bado, na nguvu zao zimekwisha. Wakarudi chini.

Walipumzika, na tarehe 6 Oktoba wakapanda tena. Wakazikuta zile ngazi walizozikata siku 3 kabla, zingali katika barafu. Kwa hiyo wakafika ukingoni mapema, wakaendelea hata wakasimama kileleni. Siku ile ile Purtscheller alitimiza umri wa miaka 40.

Hapo pana fundisho kubwa. Siku ya kushindwa haikupotea: kazi yake ikawa ngazi ya siku ya kushinda. Watu waliorudi pamoja bila kulaumiana waweza kupanda pamoja tena. Lakini mtu akimwambia mwenzake, "Wewe ndiwe uliyenirudisha," hata kama ngazi zingalipo, nani atafungwa kamba moja naye mara ya pili?

3. Kwa nini jambo gumu hufunga mioyo

Kule juu ya Kibo hewa ni nyepesi. Katika kila pumzi mtu apata kama nusu tu ya oksijeni aipatayo pwani. Ndiyo sababu waongozaji wa mlima hawachoki kusema, "Pole pole." Apandaye upesi hushikwa na ugonjwa wa mlimani: kichwa humwuma, hutapika, na ukizidi huyumba kama mlevi na akili zake huchafuka. Maji yaweza kujaa katika mapafu au ubongo kuvimba, naye afe asiposhushwa upesi. Na tazama neno hili: mara nyingi mgonjwa hajijui. Yeye husema, "Mimi mzima, twende." Mwenziwe ndiye aonaye kwamba hatua zake zimepotoka na maneno yake hayana maana.

Basi mlimani mtu hujifunza asilojifunza barazani: kwamba uhai wake umo katika macho ya mwenzake. Naye hujifunza kumtazama mwenzake kwa bidii, maana siku zote nyumbani humwona bila kumtazama.

Hata wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 2000 Arthur Aron wa Marekani na wenzake walitangaza majaribio waliyofanya kwa mume na mke. Wengine walifungwa pamoja mkononi na mguuni, wakaambiwa watambae na kuvuka kizuizi, wakibeba mto kati ya miili yao bila kuushika kwa mikono. Wengine walipewa kazi nyepesi isiyo na msisimko. Walipoulizwa habari za ndoa yao, wale waliofanya kazi mpya ya kuchangamsha waliisifu kuliko wale wengine. Wala hawakupanda mlima. Walikuwa katika chumba, kwa muda wa dakika chache tu.

4. Maonyo

Kwanza, ugumu wa kulazimishwa haufungi mioyo. Ampelekaye mwenzake kwa kumwaibisha hajengi urafiki, huweka kinyongo.

Pili, ushujaa si upumbavu. Kabla ya kuondoka, patana juu ya ishara ya kurudi. Na mmoja akisema, "Nimefika mwisho," neno lake litoshe kwa wote.

Tatu, tuwahesabu wote waliochukua mzigo. Mwaka 1889 wapagazi walipandisha chakula kutoka Marangu, na Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliilinda kambi ya juu katika baridi kali. Huko Marangu Yohani Kinyala Lauwo anakumbukwa hata leo kuwa kiongozi wa safari ile. Lakini vitabu vingi viliwataja Wazungu wawili tu. Tulifanyapo jambo gumu pamoja, kisha sifa ikaliwa na wachache, kamba imekatika, hata kama kilele kimefikiwa.

5. Basi tufanye nini?

Si kila mtu awezaye kupanda Kibo, wala haimpasi. Mume na mke waweza kwenda kwa miguu mpaka kijiji walichozaliwa wazee wao, safari ya siku mbili, wakilala njiani. Vijana waweza kumjengea mjane nyumba, tangu kuchimba msingi hata kuezeka, wakiwa na siku waliyojiwekea ya kuimaliza. Baba na mwana waweza kuligeuza shamba lililoachwa miaka mingi. Alama ya jambo lifaalo ni hii: liwe jipya kwenu, liwe gumu kidogo kupita nguvu zenu, na mmoja peke yake asiliweze.

Ndipo dhiki isiyochaguliwa itakapokuja, nayo haina budi kuja, haitawakuta kama wageni waliokaa nyumba moja. Itawakuta watu wanaojua tayari jinsi mwenzao anavyopumua akichoka.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini Yonathani alimweleza kijana wake shauri na ishara kabla ya kupanda? Yangekuwaje kama asingalimwambia?

2. Ni jambo gani mlilolishindwa pamoja, ambalo ngazi zake zingalipo?

3. Nani aliyechukua mzigo katika kazi ya chama chetu, na jina lake halijatajwa bado?