Una Mwili? Nguo Ndiyo Ijipange

Kuna maduka ambayo mwanamke mwenye mwili akiingia tu, muuzaji anamkagua kuanzia kifuani hadi miguuni kisha anamwambia "dada, saizi yako hatuna" hata kabla hajaulizwa kitu. Mwache na duka lake. Mwanamke wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura ana kitu ambacho mwenzake wa London hukilipia fedha nyingi: mtu mwenye tepu shingoni na cherehani mtaa wa pili. Kushonewa nguo ya kipimo chako kule ni anasa, huku ni jambo la Jumanne. Kinachotuangusha ni kutojua tumwambie nini huyo fundi au mbunifu, na tukubali nini dukani. Vidokezo vinavyofuata ni vya hilo. Cha kupunguza uzito hakimo, usikitafute.

1. Anza na sidiria

Gauni la gharama juu ya sidiria iliyochoka ni pesa iliyomwagwa. Matiti yakishuka yanakifunika kiuno, na gauni lote linaonekana limeshonwa na mtu aliyekuwa na haraka. Kazi kubwa ya kubeba si ya kamba za mabegani, ni ya mkanda unaozunguka chini ya kifua. Kamba zikikuchimba mabega na mkanda ukapanda mgongoni kuelekea shingoni, mara nyingi umenunua mkanda mkubwa mno na vikombe vidogo. Una 42 mwilini wakati ulichohitaji ni 38 ya kikombe kikubwa zaidi. Ukienda kupimwa, vaa sidiria ile ile utakayoivaa na gauni. Ukibadilisha baadaye, kifua kinahama na vipimo vinakuwa vya mtu mwingine.

2. Unene wako umekaa wapi?

Kusema "mimi mnene" hakumsaidii fundi. Mmoja kabeba kifuani, miguu yake ni ya msichana mwembamba. Mwingine ni namba nane kamili, kiuno kimekatika na nyonga zimejaa. Wa tatu tumbo liko mbele na nyuma hakuna cha kutaja. Mshono unaomtoa wa kwanza unaweza kumharibu wa tatu.

Namba nane asikifiche kiuno, basi. Nguo ikabe pale na kwingine ipumue. Mwenye nyonga pana na mabega membamba apeleke mbwembwe juu: mikono ya puto, lesi begani, shingo pana. Chini sketi ipanuke taratibu bila mifuko ya pembeni. Mwenye kifua kikubwa atapenda shingo ya V, kwa sababu kola iliyofungwa hadi kooni inakifanya kifua kuwa ukuta mmoja. Na mwenye tumbo hufaidika na gauni lililokatwa chini kidogo ya matiti, ila marinda yasianzie katikati. Yakianzia katikati, jiandae kupongezwa kwa ujauzito usioujua. Marinda yaende ubavuni, mbele pabaki laini.

3. Mlazimishe fundi apime zaidi ya mara tatu

Kifua, kiuno, hipsi, halafu tepu inarudi shingoni. Kwa mwembamba inatosha. Kwako wewe haitoshi hata nusu.

Mwambie apime mkono wa juu, pale penye nyama, kwa sababu ndipo nguo nyingi hukwama. Apime chini ya kifua. Apime tumbo mahali lilipo pana zaidi, ambapo mara nyingi si kiunoni. Hipsi azipime umesimama, kisha uketi azipime tena. Ukikaa mwili unatanuka, na harusi zetu ni za kukaa saa nyingi.

Halafu kuna kipimo kinachosahaulika kuliko vyote: urefu wa mbele na wa nyuma. Apime kutoka begani, tepu ipite kwenye ncha ya titi, hadi kiunoni. Kisha mgongoni, kutoka shingoni hadi kiunoni. Kifua kikubwa kinakula urefu wa kitambaa, hivyo fundi akikata mbele na nyuma kwa mazoea, pindo la mbele litapanda na la nyuma litabaki limening'inia. Mwenye makalio makubwa hupata kinyume chake, gauni linapanda nyuma na yeye hajui mpaka aone picha za watu.

Kosa jingine la cherehani ni kwapa. Fundi akiona mkono mnene hulishusha tundu la mkono karibu na mbavu, akidhani anakupa nafasi. Matokeo yake, ukinyoosha mkono kusimamisha bajaji gauni zima linapanda nawe. Tundu likae juu, karibu na kwapa. Kinachopanuliwa ni mkono wenyewe.

Aache inchi nzima ya kitambaa ndani ya kila mshono wa ubavuni, maana miili huongezeka na kupungua. Akuite kujaribu kabla hajatia zipu wala kukunja pindo, na uende na viatu vya siku hiyo. Tarehe ya shughuli usimtajie. Mtajie ya wiki moja nyuma.

4. Picha ya mshono iwe ya mtu wa umbo lako

Ukimpelekea picha ya mwanamitindo mwenye kiuno cha inchi 25, fundi atashona mshono ule, lakini mistari yote itaangukia mahali tofauti mwilini mwako. Tafuta picha ya mwanamke mwenye kifua na nyonga kama zako, amevaa mshono huo huo, ikiwezekana akiwa amekaa. Usipoipata kabisa, huenda hilo nalo ni jibu.

5. Kitambaa kinaamua kabla ya mkasi

Kitenge cha pamba ni kigumu na hakivutiki. Ndiyo uzuri wake, kinasimama chenyewe na hakishiki kila mkunjo wa mwili, lakini hakisamehe kipimo kibaya. Kiloweke na kukikausha kabla ya kupelekwa kwa fundi ili kinachotaka kuruka kiruke mapema, si baada ya gauni kukamilika. Krepu nzito kidogo inaanguka vizuri kuliko vingi, na wanaovaa baibui wanajua nida inavyoteremka bila kung'ang'ania. Jezi nyembamba ya kuvutika inaonyesha hadi mshono wa chupi. Satini inayong'aa inakamata taa zote za ukumbini na kuzipeleka tumboni. Kama unaipenda, chukua ile iliyofifia mng'ao.

Bitana si ya kubania. Gauni la lesi au krepu lenye bitana nyepesi linateleza juu ya mwili. Lisilo na bitana linapanda, linashika, linakufanya ulivute usiku kucha.

6. Maua, mistari na uongo wa mashangazi

Tumefundishwa kwamba mistari ya kulala inanenepesha. Hermann von Helmholtz, mwanasayansi wa Kijerumani wa karne ya 19, alionyesha kwamba mraba uliojazwa mistari ya kulala huonekana mrefu na mwembamba kuliko ule wa mistari ya kusimama. Mwaka 2011 Peter Thompson na Kyriaki Mikellidou wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walilijaribu jambo hilo kwa picha za wanawake na jibu likawa lile lile: mistari ya kulala hainenepeshi. Vaa.

Kwenye vitenge hatari haiko kwenye ukubwa wa ua, iko mahali linapotua. Michoro ya waksi ni mikubwa, kuna maduara, feni, ndege. Fundi akikata bila kuangalia, duara moja litakaa juu ya kila titi na hakuna atakayekutazama machoni tena. Kabla mkasi haujagusa kitu, kitambaa kitandikwe, mwoneshane kwa kidole: ua hili begani, hili ubavuni, katikati ya makalio pasiwe na kitu. Hapo kitambaa kitaliwa zaidi. Kiliwe tu.

Nyeusi? Ni nzuri. Si lazima.

7. Sare za harusi

Hapa ndipo wenye mwili huonewa. Kamati inachagua kitambaa, kwa kawaida satini ya rangi iliyopauka, inachagua na mshono kutoka kwenye simu ya dada mmoja mwembamba, kisha kila mtu anagawiwa yadi tatu. Kicheni pati ikifika, mabinti wanang'aa na mama wakubwa wanahangaika kuvuta mikono ya magauni.

Usingoje. Siku rangi inapotajwa kwenye kundi, sema mambo mawili. La kwanza, unahitaji yadi zaidi na utazilipia, na uzitake sasa hivi, kwa sababu wiki mbili baadaye hata Kariakoo nzima kitambaa kile kinaweza kuwa kimekwisha au kimekuja cha rangi iliyopishana kidogo. La pili, omba kamati ifunge rangi na kitambaa lakini iuachie kila mtu mshono wake. Wakubwa wengi kwenye kundi wanatamani mtu aliseme hilo na wanaona haya. Ukilisema wewe, utashangaa kina mama wadogo na mashangazi watakavyokuunga mkono.

Wakigoma, bado una nafasi: badilisha shingo, ongeza mikono ya shifoni ya rangi ile ile, tia bitana. Kwa mbali sare inabaki kuwa sare.

8. Ukinunua lebo za nje, dukani au mtumbani

Kampuni nyingi hutengeneza nguo ya mfano kwa mwili mdogo, kisha huipanua kila upande ili zipatikane saizi kubwa. Kila kitu kinakua pamoja, hata mabega na shingo, ambavyo kwa mtu mnene havikui kwa kasi ya tumbo. Ndiyo maana blauzi inayokutosha kifuani inaning'inia mabegani. Afadhali zile zilizobuniwa kwa miili mikubwa tangu karatasini. Mfano ni Marina Rinaldi, iliyoanzishwa 1980 ndani ya kundi la Max Mara la Italia na kupewa jina la bibi wa vizazi vya nyuma katika familia ya mwanzilishi, aliyekuwa na karakana yake ya ushonaji. Ukiikuta hiyo kwenye mtumba wa chaguo la kwanza, ule ambao kwenye soko la Gikomba, Nairobi, huitwa kamera, usianze kwa kubishana bei.

Mshono mwingine wa kuwinda ni gauni la kupishanisha mbele na kufungwa kwa mkanda ubavuni, lililompa umaarufu Diane von Furstenberg mwaka 1974. Linaongezeka nawe na kupungua nawe, linatengeneza V shingoni na kiuno kwa mkupuo mmoja. Weka kishikizo cha siri kifuani. Upepo wa baharini hauna adabu.

Namba za lebo zisikutishe wala zisikufurahishe. Kwa kawaida 16 ya Uingereza ni 12 ya Marekani, 44 ya Ufaransa na 48 ya Italia, na mwili ni ule ule mmoja. Nunua inayotosha sehemu yako iliyo kubwa kuliko zote, kwingine fundi apunguze. Kupunguza kiuno ni kazi ndogo. Kupunguza mabega ni kulifumua vazi. Kuongeza ndiyo shida hasa, maana nguo za kiwandani huachiwa kitambaa kidogo sana ndani ya mshono.

9. Mapaja

Taiti ya pamba, fupi ya kuishia juu ya goti, chini ya kila gauni. Kwenye joto la Februari la Dar hakuna mbunifu atakayekufaa kuliko hiyo. Zile suruali za kubana tumbo ziwe za saa mbili za ukumbini tu. Nunua saizi yako, maana ndogo zaidi haikupunguzi, inausukuma mwili juu ya mkanda ukatokezea mgongoni.

10. Dera lina mahali pake

Nyumbani, msibani, safarini, dera halina mpinzani. Tatizo ni pale linapokuwa vazi pekee la mwanamke kwa sababu aliambiwa ajisitiri unene. Kujisitiri ni jambo jingine na lina heshima zake, na upana wa hema si sharti lake. Tia uzi wa kukaza kiuno kwa ndani, mabega yakatwe kwa kipimo chako, mikono iishie kwenye kifundo, na dera lile lile linakwenda ofisini.

11. Mpime mbunifu kabla hajakupima

Tangu Mustafa Hassanali aanzishe Swahili Fashion Week mwaka 2008, Dar es Salaam haijakosa majina ya wabunifu. Jukwaani lakini wanaotembea ni warefu wembamba. Swali lako kwa mbunifu ni moja: umemshonea nani wa mwili wangu? Akuoneshe picha za wateja, si za wanamitindo, na ikiwezekana mmoja aliyeinua mikono. Akianza kukwambia "ukipungua kidogo litakukaa vizuri", chukua kitambaa chako uondoke. Akikuuliza utalivaa wapi, utakaa muda gani na unaona joto wapi, mwachie sketi moja kwanza. Gauni la sherehe atalipata sketi ikirudi vizuri.

12. Dai mabaki

Kila kipande kilichobaki ni mali yako. Kipande kirefu ni kilemba, vidogo ni vya kuongezea ubavuni mwaka gauni litakapokataa kufunga, na kitambaa kile hutakipata tena sokoni. Fundi akikwambia yadi sita zimeisha zote na hakuna kilichobaki, muulize binti yake Idi hii kavaa nini.