Mwangwi Unaojibadilisha: Pedali ya Gitaa na Fundisho la Takriri katika Ushairi wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi vigeuza-sauti vya nje vinavyounganishwa na marudio ya pedali ya mwangwi ya analogi, kisha yanatumia utaratibu huo kupambanua aina tatu za takriri katika ushairi wa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba dhima ya takriri haiwezi kuelezwa kwa ukamilifu bila kuchunguza ni wapi katika mzunguko wa marudio badiliko linapoingia.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi akiulizwa mtihanini dhima ya takriri, jibu lake huwa tayari kabla swali halijaisha: takriri hutilia mkazo. Jibu hili si la uongo, lakini ni jembe moja linalolimishwa kila shamba. Likikubaliwa kila mara, kibwagizo, kiitikio na pindu huwa kitu kimoja, na mhakiki hubaki hana la kusema. Mwandishi alipata njia ya kulitazama upya suala hili mtaani Parklands, Nairobi, katika chumba cha mazoezi cha mpiga gitaa ambaye humtolea mwangwi wake nje ya pedali, akaupitisha kwingine, kisha akaurudisha ulikotoka.

2.0 Pedali ya mwangwi na utendakazi wake

Pedali ya mwangwi ya analogi hutegemea chipu iliyobuniwa na Sangster na Teer katika maabara ya Philips mwaka 1969. Chipu hii ni safu ya vihifadhi chaji vidogo vinavyopokezana sauti kama watu waliojipanga wakipokezana ndoo za maji ili kuzima moto. Kila pigo la saa ya ndani linapolia, kila ndoo husogea hatua mbili mbele. Chipu ya MN3005 ya kampuni ya Matsushita, kwa mfano, ina hatua 4,096. Saa yake ikipiga mara 100,000 kwa sekunde, sauti huchelewa kwa takriban milisekunde 20. Ikipiga mara 10,000, sauti huchelewa kwa takriban milisekunde 205.

Ucheleweshaji huo hutoa rudio moja tu. Ili marudio yawe mengi, sehemu ya sauti iliyotoka mwisho wa safu hurudishwa mwanzoni. Huu ndio mrejesho. Ikiwa nusu ya nguvu hurejeshwa kila mzunguko, rudio la pili huwa na nusu ya nguvu ya la kwanza, la tatu robo, la nne thumuni, mpaka sauti ififie. Aidha, kwa kuwa ndoo humwaga maji kidogo kila zinapopokezanwa, na kwa kuwa vichujio huondoa sauti za juu, kila rudio huwa na giza kuliko lililotangulia.

3.0 Mahali patatu pa kuweka kigeuza-sauti

Tuchukue kigeuza-sauti kimoja, tuseme kichujio. Kinaweza kuwekwa mahali patatu.

Kwanza, kabla ya pedali. Hapa sauti asilia hubadilishwa, na marudio yote hurithi badiliko hilo.

Pili, baada ya pedali, katika njia ya marudio pekee. Sauti asilia hubaki kama ilivyo; kila rudio huchujwa mara moja, kwa namna ileile.

Tatu, ndani ya mrejesho wenyewe. Baadhi ya pedali zina tundu la kutolea marudio na la kuyapokea yakirudi. Pasipo matundu hayo, marudio pekee hupitishwa katika kichujio, huingizwa katika chaneli ya mashine ya kuchanganyia sauti, kisha chaneli hiyo hurudisha kiasi chake kwenye pedali, huku mrejesho wa pedali yenyewe ukiwa umefungwa. King Tubby, fundi wa redio wa Kingston, Jamaika, alijulikana miaka ya 1970 kwa kuifanya mashine ya kuchanganyia sauti kuwa ala, akicheza na mwangwi wa tepu na vichujio katika muziki wa dabu.

Tofauti ya mahali hapa pa tatu ni kubwa. Rudio la kwanza huchujwa mara moja, la pili mara mbili, la tatu mara tatu. Badiliko hujilimbikiza. Kigeuza-sauti kikiongeza nguvu kuliko mrejesho unavyopunguza, marudio hayafifii tena; hukua hadi yakawa mlio usiokoma. Ndiyo sababu mjuzi huanza na mrejesho mdogo, mkono wake ukiwa karibu na kitufe cha kupunguzia sauti.

4.0 Ulinganisho na takriri katika ushairi

Mahali pa kwanza panalingana na kibwagizo. Mshairi hukamilisha mshororo wake mapema, nao hurudi kila ubeti kwa maneno yaleyale. Mahali pa pili panalingana na kiitikio cha ngoma: fanani hubadilisha kauli zake, nayo hadhira humjibu kwa sauti yake yenyewe, kila mara kwa namna moja.

Mahali pa tatu ni pa pindu, ambapo neno au kipande kinachofunga ubeti hufungua ubeti ufuatao. Tuutazame mfano huu uliotungwa kwa ajili ya makala haya:

Sauti imeondoka,
Ukutani imefika,
Ikarudi imechoka.

Imechoka yanong'ona,
Haipazi tena jina,
Herufi zimeachana.

Neno "imechoka" katika ubeti wa kwanza ni tokeo la safari. Katika ubeti wa pili ni chanzo cha kunong'ona. Umbo ni lilelile, lakini kazi yake imegeuka. Ubeti wa tatu ungeanza na "zimeachana", na hivyo kubeba ndani yake uchovu ambao haukutajwa tena. Kusema kwamba takriri hii "inatilia mkazo" ni kuukosa mwendo wake. Haikazii, inasafirisha.

5.0 Mipaka ya ulinganisho

Ulinganisho huu usivutwe kupita kiasi. Pedali haichagui, mshairi huchagua. Sauti katika mrejesho huharibika kimaumbile, ilhali neno la pindu halipotezi hata herufi: kinachobadilika ni mazingira yake. Vilevile, kama ambavyo hata mwangwi usio na kichujio huingia giza, kibwagizo nacho hakirudi bure. Ubeti uliokitangulia hukitia rangi. Hata hivyo, kibwagizo hurudi kutoka chanzo kilekile, ilhali pindu hurudi kutoka mahali ilipofika mara ya mwisho.

6.0 Hitimisho

Makala haya yanapendekeza kwamba mchambuzi wa takriri ajiulize maswali matatu: Ni nini kinachorudi? Kinarudi kutoka wapi? Kinapita wapi kabla ya kurudi? Mwanafunzi atakayeyajibu hatahitaji kukimbilia mkazo kama kichaka cha kujifichia. Na iwapo mpiga gitaa wa Parklands anaweza kuelezewa kazi yake kwa mwangwi, mrejesho na kichujio, basi lugha hii haijashindwa na ufundi huo. Inasubiri tu watumiaji wanaoujua.