Pawatila: Zima Kwanza, Ndipo Uguse

Kama unaishi kwenye maeneo ya mpunga kama Mbarali, Kilombero au Lower Moshi, pawatila si kitu kigeni kwako. Ni lile trekta dogo la magurudumu mawili ambalo dereva wake, akiwa analima, hutembea nyuma ameshika mikono miwili mirefu. Hapa Tanzania zilienea zaidi baada ya Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009, na si ajabu kumkuta mwanafunzi akilima nayo wakati wa likizo ili apate nauli na madaftari.

Kwanza ujue haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa kwenye kazi ya hatari, hata kama ni ya shambani. Jirani akikuita umlimie kwa malipo, na hujafika umri huo, unaweza kukataa bila kuona aibu. Lakini tusidanganyane. Wengi mnaishika kwenye shamba la baba au la mjomba, na wengine mtaishika mkishamaliza shule. Ndiyo maana tunaizungumzia.

Je, vidole hukatwaje?

Ukiuliza watu watakujibu: "Uzembe tu." Jibu hilo halimsaidii mtu. Hebu tuiangalie kazi yenyewe. Uko kwenye jaruba, matope yamefika magotini. Majani na mabua ya mpunga yanajisokota kwenye visu vya nyuma mpaka visu vinashindwa kulima. Lazima uyatoe. Unajua kabisa kwamba inafaa kuzima injini. Lakini ukizima itabidi upige hendeli tena, na hendeli ile si mchezo, hasa ukiwa umechoka na umesimama kwenye utelezi. Mwenye shamba naye yuko juu ya tuta, anasema jua linazama. Basi unatoa gia ya visu, unaacha injini inanguruma, unaingiza mkono "mara moja tu".

Hapo ndipo penye hatari. Labda gia haikutoka vizuri. Labda mwenzako amegusa klachi. Visu vinaanza, na vinaweza kuzunguka mara 3 au zaidi kwa sekunde. Sasa piga hesabu: jicho likiona hatari, mkono unahitaji karibu robo ya sekunde kuanza tu kuitikia. Katika muda huo kisu kimeshapita. Hata golikipa wa shule yenu hawezi kushindana na hesabu hiyo.

Kwa hiyo toa gia ya visu, punguza moto, sukuma mkono wa mafuta mpaka kwenye alama ya kuzima. Halafu subiri. Injini hizi zina flaiwili, yaani gurudumu zito la chuma ubavuni, ambalo huendelea kuzunguka kwa muda hata baada ya dizeli kukatwa. Likisimama kabisa ndipo usogee, na hata hapo tumia kijiti kutoa majani, maana visu vyenyewe vina makali.

Mashine inayowaka haraka huzimwa bila kinyongo

Hapa ndipo watu wengi hawaoni uhusiano. Wanadhani matunzo ni kwa ajili ya mashine tu na usalama ni habari nyingine. Kumbe dereva haogopi kuzima, anaogopa kuwasha. Injini ikiwaka kwa hendeli moja au mbili, atazima kila anapotakiwa. Ikihitaji hendeli ishirini, atairuhusu ingurume kutwa na mkono wake ndio utakaolipa.

Ni nini huifanya injini ya dizeli iwe ngumu kuwaka? Mara nyingi ni filta ya hewa iliyojaa vumbi, maji au uchafu ndani ya dizeli, hewa iliyoingia kwenye mpira wa mafuta, au oili iliyochakaa. Yote hayo yanazuilika. Chuja dizeli kwa kitambaa safi unapojaza tangi. Safisha filta ya hewa, na msimu wa vumbi fanya hivyo mara kwa mara. Pima oili kila asubuhi kabla ya kuwasha, na uibadilishe kama kitabu cha mashine kinavyosema. Kwa mashine nyingi ni kila baada ya saa 100 hivi za kazi. Angalia pia nati za visu, kwa sababu kisu kilicholegea kinaweza kuchomoka na kuruka.

Kuhusu kupiga hendeli: weka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, usiizungushie ngumi nzima. Injini ikirusha hendeli kinyume, mkono wako utaachia bila kuvunjika gumba. Simama imara, tena mahali pakavu. Ikishawaka usiiachie hendeli ovyo. Ishike mpaka uichomoe. Na usiwashe ndani ya stoo iliyofungwa, moshi ule una hewa ya sumu isiyo na harufu.

Nguo je? Kanga, skafu, koti lililo wazi, hata tai ya shule, havifai karibu na mkanda wa injini. Injini nyingi za aina hii huzunguka mara 2,000 hivi kwa dakika. Mkanda ukishika ncha ya nguo, haukupi nafasi ya kuvuta. Kava ya mkanda irudishwe mahali pake kila baada ya matengenezo. Fundi akikwambia haina kazi, mwulize kwa nini waliotengeneza mashine waliiweka.

Kurudi nyuma na kushuka mlima

Ukitaka kurudi nyuma, toa gia ya visu kwanza. Pawatila nyingi zina uzito wa kilo 300 na kuzidi. Ukiteleza inaporudi, inakujia na visu vyake.

Kushuka mlima kuna mtego ambao umewashangaza hata madereva wazoefu. Kwenye tambarare, ukibana klachi ya mkono wa kushoto, gurudumu la kushoto linakosa nguvu, la kulia linaendelea kusukuma, na mashine inakata kushoto. Vizuri. Lakini kwenye mteremko mkali injini ndiyo inayoyazuia magurudumu yasikimbie. Ukibana kushoto, gurudumu la kushoto linakuwa huru, linakimbia kuliko la kulia, na mashine inakata KULIA. Ulitaka kukwepa korongo, ukaingia ndani yake, pamoja na tela na waliopanda. Kwa hiyo weka gia ndogo kabla mteremko haujaanza, usiguse klachi hizo, geuza kwa nguvu za mikono taratibu, na tumia breki ya tela. Abiria washuke watembee. Watalalamika kidogo, si neno.

Ajali ikishatokea

Zima injini. Kama mkono au mguu umenasa kwenye visu, usijaribu kuvirudisha nyuma kwa injini. Mpigie fundi kelele aje kufungua nati. Damu ikitoka, gandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia kila mara kuchungulia, na inua mkono juu. Kidole kikikatika, kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha uweke mfuko huo kwenye maji yenye barafu. Kidole kisigusane na barafu yenyewe. Nendeni nacho hospitali haraka. Daktari ndiye atakayeamua.

Aliyeungua kwa maji ya rejeta amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Dawa ya meno, mayai na mafuta ya kula viachwe jikoni. Aliyemeza dizeli akivuta kwa mdomo na mpira asitapishwe, maana dizeli ikiingia kwenye mapafu ndiyo balaa. Apelekwe kituo cha afya. Jeraha lolote la shambani, hata dogo, linahitaji kuonwa na mhudumu, na mwulize kuhusu sindano ya pepopunda.

Jadilianeni darasani

1. Mwenye shamba anakukataza kuzima injini kwa sababu unampotezea muda. Utamjibuje bila kumkosea heshima?
2. Chora magurudumu mawili ya pawatila kwenye mteremko. Onyesha inakokwenda ukibana klachi ya kulia.
3. Kituo cha afya kilicho karibu na mashamba yenu kiko wapi, na nani ana usafiri wa kufika huko usiku?