Baba ataka sherehe Ngomeni, Mama hataki hata kusikia

Shangazi,

Wazazi wangu wanatimiza miaka 50 ya ndoa Desemba hii. Waliozwa Mji wa Kale, Mombasa, mwaka 1975, na Mungu amewajalia watoto sita, wajukuu wengi na sasa vitukuu wawili. Kaka yetu mkubwa, ambaye anafanya kazi Doha, alitoa wazo kwamba tuwafanyie karamu ndani ya Fort Jesus, usiku, kwa taa na meza za vitambaa vyeupe, na ukoo wote ualikwe: wa Lamu, wa Unguja, wa Muscat, hata wakwe zetu wa Machakos. Tukihesabu tunafika watu 130. Yeye atalipa nusu, sisi watano tugawane iliyobaki. Kamati imeshaundwa, kundi la WhatsApp limefunguliwa, na rangi ya sare za madera imeshachaguliwa.

Baba alipoambiwa hakuweza kuficha furaha. Siku zote husimulia kwamba nje ya Ngome ndipo alipomwona Mama mara ya kwanza, sikukuu ya Idi, akipita na shangazi zake. Mama hakusema kitu. Baada ya siku kadhaa aliniita jikoni akaniambia, "Mwanangu, baba yangu alifungwa mle nami sijajua kusema. Siwezi kula biriani mle." Hakuongeza neno. Sisi watoto hatukuwahi kusikia kwamba babu alifungwa.

Nilipomweleza kaka, alijibu kwamba jela ilikwisha zamani, sasa ni makumbusho, na Mama atatulia akifika akaona mapambo. Baba naye amenuna. Anasema miaka 50 hii Mama hajataka kumfurahisha hata siku moja. Juzi kila mmoja alikula peke yake. Juu ya hayo, ami yetu amesema kusherehekea miaka ya ndoa ni kuiga Wazungu, na hatakuja. Na dada yetu wa tano, ambaye ni mjane na anaishi kwa kuuza mahamri, analia kwa sababu ya mchango.

Kaka anataka kulipa arubuni mwisho wa mwezi huu. Nifanyeje?

Binti wa Tatu, Kisauni

Mwanangu,

Mpigie kaka yako simu leo, umwombe asilipe arubuni bado. Nimesema simu. Usiandike kwenye kundi, kwa sababu ambazo utaziona hapa chini.

Kaka yako anasema jela ilikwisha zamani. Tuhesabu pamoja. Waingereza waliigeuza Fort Jesus kuwa jela mwaka 1895, na ikabaki jela mpaka 1958. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1960. Ikiwa mama yako aliolewa mwaka 1975 akiwa msichana wa miaka ishirini na kitu, basi alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni wakati milango ile ilipokuwa bado ikifungiwa watu. Kwa kaka yako hiyo ni historia ya kusomwa ukutani. Kwa Mama ni nyumba isiyokuwa na baba, na nyanya yako akiamka kutafuta riziki peke yake.

Tena enzi hiyo ya ukoloni mtu hakuhitaji kuua wala kuiba ili aingizwe jela. Watu walifungwa kwa kushindwa kulipa kodi ya kibanda, au kwa kukutwa bila kipande, yaani hati ya kujitambulisha. Hata hivyo, nakuomba usianze kumchimba Mama akuambie babu alikosa nini. Nyumba za pwani zina mambo ya namna hii yaliyokunjwa na kuwekwa chini ya sanduku: kesi, jela, talaka ya haraka, mtoto wa nje. Mama yako amelifunua lake moja, tena kwako peke yako, jikoni, mlango ukiwa umeegeshwa. Ile ilikuwa amana. Nawe ukaichukua moja kwa moja mpaka Doha. Natumaini haijafika kwenye kundi la WhatsApp.

Sasa nije kwenye jambo lililonishtua zaidi nilipoisoma barua yako mara ya pili. Umeniambia Mama alikuambia wewe. Umeniambia wewe ulimwambia kaka. Hakuna mahali ulipoandika kwamba Baba ameambiwa. Umeandika tu kwamba amenuna, na kwamba anamlaumu mkewe kwa kutotaka kumfurahisha. Mtu anayejua kwamba mkwewe alifungwa ndani ya kuta zile hawezi kutamka maneno hayo, labda awe mkatili, na baba unayemweleza si mkatili. Mwanangu, mimi nadhani baba yako hajui.

Usiseme haiwezekani. Fikiria siku ya posa. Wazee wa upande wa mume wamekuja na maulizo yao: huyu binti wa nani, ukoo gani, baba yake mtu wa namna gani? Ni nani mle ndani angeinua mdomo aseme, "Mzee aliwahi kukaa jela"? Watu walinyamaza, ndoa ikafungwa, Mama akaingia nyumbani kwa mumewe na siri aliyoikuta tayari imetengenezwa na wakubwa zake. Mwaka wa kwanza haukuwa wakati wa kusema. Wa kumi ukawa umechelewa. Baada ya hapo jambo likalala, na lingelala mpaka kaburini, kama kaka yako asingechagua ukumbi.

Kwa hiyo ugomvi uliomo ndani ya nyumba si wa ukumbi. Baba anaamini anakataliwa yeye. Ametaja mahali alipompenda mkewe, na mkewe ameugeuza uso. Mwanamume wa umri wake hatasema kwamba ameumia, atasema hakufurahishwa. Mama naye anaona mumewe anashangilia kwenda kula mahali alipodhalilishwa baba yake, na hawezi kumlaumu kwa sababu hakumwambia. Wote wawili wana haki, na wote wawili wamekaa kimya. Nyinyi watoto mnachagua vitambaa.

Rudi kwa Mama. Nenda saa ambayo Baba yuko msikitini au barazani. Kwanza muombe radhi kwa kumwambia kaka bila idhini yake. Kisha muulize swali moja tu: "Mama, Baba anajua?" Akisema hajui, mwambie kwamba Baba anadhani anakataliwa yeye. Hilo pengine halijampitia akilini. Halafu mwachie. Kumwambia Baba ni kazi yake mwenyewe, au amchague mtu mzima wa rika lake amsemee, dada yake kwa mfano. Si kazi yako, na kabisa si kazi ya kaka yako. Akiamua kunyamaza vilevile, basi wewe utamwambia Baba maneno haya na usizidishe: "Mama ana sababu yake, haihusiani nawe, na ni sababu nzito." Baba aliyeishi na mke miaka 50 atajua la kufanya na sentensi kama hiyo.

Akishajua yote, nakuhakikishia ataitoa Ngome mwenyewe, bila kamati kupiga kura.

Nimtetee kaka yako kidogo, maana naona atapigwa mawe. Wazo lake halikuwa baya. Ngome ile ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593 kwa michoro ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 mpaka Desemba 1698, na waliomo ndani wakaisha kwa njaa na maradhi zaidi kuliko kwa risasi. Baadaye ukoo wa Wamazrui ukatawala Mombasa kutoka humo, mpaka Sultani Seyyid Said alipowatoa mwaka 1837. Tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mtoto wa Mombasa aliyekaa ughaibuni akitaka wazazi wake wakae usiku mmoja katikati ya hayo yote, namuelewa.

Wala sisemi pahali palipokuwa jela hapafai kwa furaha. Tukifuata kanuni hiyo, pwani yetu hatutapata pa kukaa. Ngome ya Lamu, iliyomalizwa mwaka 1821, ilikuwa jela mpaka 1984. Ngome Kongwe ya Unguja nayo ilifungiwa watu katika karne ya 19, na leo watu hucheza muziki mle mpaka usiku wa manane. Msomaji mwingine, ambaye ukoo wake haukuacha jeraha mle, akiniuliza kama afanyie karamu ya wazazi wake Ngomeni, nitamwambia aende. Ila nitamtaka aulize mapema, na kwa maandishi, kwa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya wanaoitunza: wageni wanatakiwa wawe wametoka saa ngapi, chakula kitapikiwa wapi, jenereta itakaa wapi, mapambo yatasimamishwaje bila kugongomea msumari kwenye kuta za matumbawe. Na mwenye magoti mabovu atapitaje, maana mle kuna miteremko, ngazi na sakafu isiyo sawa, na usiku ugumu wake huzidi.

Lakini mama yako si mgeni mwalikwa ambaye akikataa tunasikitika kidogo kisha tunaendelea. Sherehe ni yake nusu nzima. Anayelipia nusu ya gharama hana nguvu ya kumshinda mwenye nusu ya ndoa. Mwambie kaka yako hivyo, kwa adabu, na umwambie pia kwamba "atatulia akifika" ni neno baya kumsemea mama. Akitulia mbele ya watu 130, atakuwa amejikaza, na picha zote za siku hiyo zitakuwa na uso huo.

Fanyeni karamu nyumbani, Kisauni. Hema, viti, wapishi wa kukodi na masufuria yao, mchana baada ya sala ya adhuhuri ili wazee warudi kulala mapema na watoto wadogo wasisinzie mezani. Kama nyumba walimooana bado ina mtu wa ukoo, ni bora zaidi, ingawa uchochoro wa Mji wa Kale kwa watu 130 utahitaji ridhaa ya majirani, na majirani nao mtawalisha. Sioni ubaya.

Na Baba asinyang'anywe pahali pake. Yeye anakumbuka nje ya ukuta, Mama anaogopa ndani yake. Wakikubaliana, jioni moja kabla ya karamu mpeni mjukuu mkubwa gari awapeleke wawili hao mbele ya Ngome, awashushe, akae mbali. Bila mpiga picha, bila drone ya kaka yako. (Najua anayo. Kila kaka wa Doha anayo.) Ikitokea siku nyingine Mama mwenyewe akataka kuingia, mchana, kwa tiketi ya kawaida, akiwa na wajukuu, ataingia. Asipotaka, hataingia.

Ami yenu: mimi si sheikh, na swali la dini apelekewe imamu wenu. Lakini nimewaona ami wengi waliopinga karamu ambazo hawakuambiwa mapema, na wakawa wa kwanza kufika walipofuatwa nyumbani na kuombwa waongoze dua. Aende Baba mwenyewe, si kijana na simu yake. Keki iacheni kama inamkera, sidhani kama biriani inamkera.

Dada yenu wa tano asitozwe kitu. Kila mmoja atoe alichonacho kwa mtu mmoja tu, msiri, na orodha isibandikwe kwenye kundi ili watu waone nani katoa elfu mbili. Sare zifuteni kabisa. Watu 130 kuvalishwa rangi moja ni pesa ya kulisha mtaa. Wageni wa mbali watahitaji chai ya asubuhi siku mbili au tatu: hayo mahamri yaagizeni kwa dada yenu, na mumlipe bei ya dukani, pesa mkononi, kabla hajakanda unga.

Nusu aliyoitenga kaka yako isirudi Doha. Iwekwe kwenye nauli za wazee wa Lamu na Unguja, na tiketi zikatwe sasa, kwa kuwa Desemba Mombasa hufurika wageni na mabasi hujaa mapema.