"Jikaze" na "Legea": Kiswahili na Tiba ya Kiwewe Kupitia Mwili

1.0 Utangulizi

Istilahi "msongo wa mawazo" imeenea sana katika mijadala kuhusu afya ya akili. Istilahi hiyo huliweka tatizo kichwani. Hata hivyo, misemo ya wazungumzaji wenyewe huliweka kwingine: moyo huenda mbio, mwili husisimka, miguu hufa ganzi, roho huwa juujuu. Makala haya yanadai kuwa misemo hiyo inakaribiana mno na nadharia ya tiba ya kiwewe kupitia mwili, na kwamba mshauri nasaha anayeipuuza huenda asimwelewe anayemhudumia.

2.0 Misingi ya Tiba

Peter Levine wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka wa 1997, anaeleza kuwa mnyama wa mwituni aliyeponea chupuchupu hutetemeka, kisha hurejea malishoni. Mwili wa binadamu nao, unapokabiliwa na hatari, hujiandaa kupigana, kukimbia au kuganda. Levine anashikilia kuwa maandalizi hayo yasipokamilika, mwili hubaki katika tahadhari ilhali hatari imekwisha kupita. Kwa hivyo, mgonjwa hashurutishwi kusimulia mkasa wote. Huongozwa kuzihisi nyayo zake sakafuni, kutambua panapokaza na panapolegea mwilini, kisha kuukaribia mkasa kidogo kidogo na kurudi penye utulivu.

Utafiti uliofanywa Israeli kwa watu 63 na kuchapishwa mwaka wa 2017 ulionyesha kuwa dalili za kiwewe zilipungua kwa waliopokea tiba hii. Hata hivyo, ithibati yake bado ni chache ikilinganishwa na ile ya baadhi ya tiba za mazungumzo.

3.0 Ushahidi wa Lugha

Kimofolojia, maneno "pumua", "pumzi" na "pumzika" yana uhusiano wa wazi. Kwa Mswahili, kupumzika ni kuipata pumzi. Aliyeondokewa na hofu "hushusha pumzi"; aliyetoka mashakani husemwa kuwa "amepumua". Lugha, basi, ilikwisha kuihusisha pumzi na faraja kabla ya wataalamu kuiandikia vitabu.

Kwa upande mwingine, faraja inayotolewa mara nyingi ni "jikaze", au kwa mzaha, "jikaze kisabuni". Kitenzi hiki kimejengwa kwa kiambishi rejeshi "-ji-" na mzizi "-kaz-". Ni agizo la kukaza mwili ambao tayari umekaza. Kinyume chake, "legea", kina sifa mbaya: mlegevu ni mtu asiye na bidii. "Tulia" lipo, lakini aghalabu hutamkwa kama amri ya kunyamaza. Ni bayana kuwa kukaza kumepewa heshima ambayo kulegea kumenyimwa.

4.0 Umuhimu wa Suala Hili

Mnamo tarehe 2 Aprili 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa. Walionusurika walihitaji kuendelea na masomo na maisha. Kwa watu wa namna hiyo, "jikaze" si neno baya katika saa ya hatari, kwani anayevuka mto wenye mkondo mkali hana budi kujikaza. Kosa ni kumwachia neno hilo hilo baada ya kufika ng'ambo.

5.0 Hitimisho

Wanafunzi wa Kiswahili wana mchango katika uwanja huu. Kwanza, misemo ya mwili na hisia ikusanywe kutoka lahaja mbalimbali, ili istilahi za ushauri nasaha zisitafsiriwe tu kutoka Kiingereza. Pili, maswali ya washauri yatungwe upya. Badala ya "Una mawazo gani?", yaulizwe pia "Mwili unakwambia nini? Pumzi inafika wapi?" Anayeshindwa kujibu swali la kwanza huenda ana jibu la pili tayari kifuani.