SOMO: RIMOTI YA ZAMANI, KOMPYUTA YA NYUMBANI NA MGONJWA ALIYE KITANDANI



Nyumba nyingi siku hizi zina rimoti moja au mbili ambazo hazina kazi. Televisheni iliharibika, ama dishi likaachwa, na rimoti ikabaki ndani ya droo. Katika somo hili tutaona jinsi rimoti kama hiyo inavyoweza kuamrisha kompyuta ya nyumbani. Nia yetu siyo starehe peke yake. Tunawafikiria hasa wale ambao hawawezi kuketi mezani na kushika mausi: baba aliyepata kiharusi, mzee ambaye vidole vyake vinatetemeka, kijana aliyeumia uti wa mgongo. Mtu wa namna hii huomba kila kitu. "Niongezee sauti." "Nibadilishie." Baada ya muda anachoka kuomba, na wengine wananyamaza kabisa. Akipata vitufe vitano anavyoweza kubonyeza mwenyewe, hayo machache atayafanya bila kuomba.

Someni pamoja katika kikundi, na ikiwezekana mwalikeni fundi mmoja wa redio au simu.

1. RIMOTI INASEMAJE?

Mbele ya rimoti kuna kitaa kidogo. Ukibonyeza kitufe, kile kitaa huwaka na kuzima haraka sana. Hatukioni kwa sababu mwanga wake ni wa infraredi, yaani mwanga ulio nje ya uwezo wa macho yetu. Rimoti nyingi hutumia mwanga wa nanomita 940, na macho ya binadamu huishia karibu na 700.

Hebu jaribuni. Fungua kamera ya simu, elekeza rimoti kwenye kamera, kisha bonyeza kitufe. Utaona kitaa kikimetameta. Kama kamera ya nyuma haionyeshi kitu, tumia ile ya mbele, kwa maana kamera nyingi za nyuma zina kichujio cha kuzuia mwanga huu. Hiki ndicho kipimo rahisi cha kujua kama rimoti ni nzima au imekufa.

Sasa, jua pia hutoa infraredi. Jiko la makaa hutoa. Mpokeaji atajuaje kwamba hii ni rimoti na siyo jua? Shida hii ni ya zamani. Mwaka 1955 kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa rimoti iliyoitwa Flash-Matic, iliyotumia mwanga wa kawaida kama wa tochi. Jua likiipiga televisheni, mambo yaliweza kujibadilisha yenyewe. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ilihamia kwenye sauti ambayo sikio halisikii. Infraredi ilikuja kuenea miaka ya 1980.

Dawa iliyopatikana ni mdundo. Rimoti nyingi humulika mara 38,000 kwa sekunde, na mpokeaji husikiliza mdundo huo tu, kama vile redio inavyoshika stesheni moja na kuziacha nyingine. Mwanga wa jua hauna mdundo huo, basi hupuuzwa.

Juu ya mdundo huo ndipo ujumbe huandikwa. Tuchukue utaratibu mmoja unaotumika sana, uitwao NEC. Kwanza rimoti hutoa mmuliko mrefu wa milisekunde 9, ndiyo hodi yake. Kisha hunyamaza milisekunde 4.5. Halafu hutuma alama 32, kila moja ikiwa sifuri au moja: 8 za anwani ya kifaa, 8 za anwani hiyo hiyo ikiwa imegeuzwa, 8 za amri, na 8 za amri iliyogeuzwa. Kule kugeuza ni ukaguzi. Kama sehemu hizo mbili hazilingani, mpokeaji anajua ujumbe umeharibika na kuutupa.

Jambo la kushika hapa ni hili: rimoti haisemi "ongeza sauti". Inatuma namba tu. Anayepokea ndiye anayeamua namba hiyo maana yake nini. Kwa hiyo rimoti ya televisheni iliyokufa inaweza kupewa kazi mpya.

2. KOMPYUTA INAHITAJI NINI?

Inahitaji vitu viwili: jicho la kupokea, na orodha ya kutafsiri.

Jicho. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kununua kipokezi cha USB kilicho tayari, mfano wa kile kiitwacho Flirc. Ukikichomeka, unakifundisha vitufe vya rimoti yako, na baada ya hapo kompyuta inadhani kuna mtu anayebonyeza kibodi. Njia hii ni nyepesi kwa asiye fundi.

Njia ya pili ni ya gharama ndogo zaidi lakini inataka fundi. Ni kipokezi kidogo chenye miguu mitatu, kinachofanana na kile kilicho ndani ya televisheni. Mguu mmoja ni wa stima, mmoja wa ardhi, na mmoja wa kutoa ujumbe. Kinafaa kwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyotoka Uingereza mwaka 2012 na ambayo ina pini za kuunganishia vitu kama hivi. Tahadhari mbili: mpangilio wa miguu hutofautiana, kwa hiyo angalieni karatasi ya kipokezi chenyewe kabla ya kuunga. Pia kipokezi kilishwe volti 3.3, siyo 5, kwa kuwa pini za Raspberry Pi hazistahimili volti 5.

Orodha. Kwenye mfumo wa Linux kuna programu za bure za kazi hii. LIRC ni ya siku nyingi. Ir-keytable ni nyingine. Unabonyeza kitufe, programu inakuonyesha namba iliyofika, nawe unaandika: namba hii iwe mshale wa juu, hii iwe "sawa", hii iwe "rudi". Ukishamaliza, unaweza kutumia programu kama Kodi, ambayo hutolewa bure na imeundwa iongozwe kwa mishale na kitufe cha kukubali. Hapo mgonjwa atafungua picha za familia, nyimbo, masomo yaliyorekodiwa au filamu.

3. KUMPANGIA MGONJWA

Fundi akimaliza kazi yake, yenu huanza. Fuateni hatua hizi:

(a) Muulizeni mwenyewe anataka kufanya nini. Msimchagulie. Huenda ninyi mnafikiria filamu, kumbe yeye anataka taarifa ya habari tu.

(b) Anzeni na vitufe vitano au sita. Kitufe kisichoandikwa kwenye orodha hakifanyi kitu, hata kikibonyezwa kwa bahati mbaya. Jambo hili huondoa ule woga wa "nitaharibu".

(c) Chagueni rimoti yenye vitufe vikubwa vilivyoachana. Vile visivyotumika vifunikeni kwa karatasi ngumu na gundi.

(d) Wekeni jicho likitazama kitanda. Mwanga huu haupiti ukutani wala kwenye blanketi, lakini hurudi ukipiga ukuta au dari. Mtu asiyeweza kuelekeza mkono vizuri bado anaweza kufaulu ndani ya chumba kidogo.

(e) Msitumie rimoti ya televisheni iliyo katika chumba hicho hicho. Mgonjwa akibadilisha wimbo, televisheni nayo itabadilika.

(f) Kitufe kimoja kiwe cha kuita. LIRC ina programu ndogo, irexec, inayoweza kuanzisha kazi yoyote kitufe kikibonyezwa, kwa mfano kupiga kengele kwenye spika iliyo jikoni. Lakini stima ikipotea kengele hii haipo. Kwa hiyo kengele ya mkono au filimbi ibaki kando ya kitanda siku zote.

4. MAMBO YA KUANGALIA

Kuzima kompyuta kwa rimoti ni rahisi. Kuiwasha ni vigumu. Iliyolala inaweza kuamshwa kama kipokezi kinaruhusu, lakini iliyozimwa kabisa mara nyingi inangoja mtu aje abonyeze. Afadhali kitufe cha kuzima msikiandike kabisa.

Rimoti ikikataa, anzeni na betri, kisha kipimo cha kamera, kisha jua linaloingia dirishani na kulipiga jicho moja kwa moja. Taa nyingine za umeme pia husumbua.

Hatari kubwa iko kwenye betri. Rimoti ndogo ndogo hutumia betri bapa kama sarafu. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuchoma nyama ya ndani katika muda wa saa mbili tu, hata kama ni betri iliyokwisha nguvu. Msingoje dalili, wala msimtapishe. Mkimbizeni hospitali mara moja na mseme wazi ni betri. Rimoti yenye kifuniko kilichovunjika isitumike katika nyumba yenye watoto.

5. MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini rimoti ya kifaa kilichokufa inaweza kuamrisha kifaa kingine?
2. Katika mtaa wetu, ni nani asiyeweza kutumia kibodi au mausi? Je, kuna mtu aliyewahi kumuuliza anachotaka?
3. Fundi gani wa jirani anaweza kuunga kipokezi cha miguu mitatu? Nani atamsaidia upande wa programu?
4. Betri za rimoti nyumbani kwetu zimewekwa wapi?

KAZI YA KUFANYA: Kabla ya mkutano ujao kila mmoja alete rimoti moja isiyotumika. Zipimeni zote kwa kamera ya simu. Zile nzima ziwekeni pamoja, na kikundi kichague nyumba moja ya kuanzia. Baada ya wiki mbili rudini katika nyumba hiyo, mmuulize mgonjwa mwenyewe ni kitufe kipi anakitumia na kipi kinamsumbua, kisha mrekebishe orodha kulingana na jibu lake.